Vifundo vya Twalha

Kabla hajawasikiliza shida yao, Mtendaji wa kijiji cha Kyamusana alitaka kwanza apimwe suruali.

"Si nasikia we ni mtoto wa fundi Yunusu wa pale sokoni Musoma?" alimwambia Twalha, ameshasimama katikati ya ofisi, tumbo amelivuta ndani na mikono ameipanua. "Nipime basi. Kitambaa ninacho mwaka wa pili huu, kinaliwa na panya tu."

Twalha hakuwa mtu wa kununa. Alivua tepu shingoni, akampima Mtendaji paja, akampima urefu, akitaja namba kwa sauti ili Hyasinta, mwanachuo mwenzake, aziandike pembeni ya karatasi. Kwenye kiuno alitaja namba ndogo kuliko ile aliyoiona, na Mtendaji akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hyasinta aliinama akajifanya anafunga kiatu, maana kicheko kilikuwa kimemfika kooni.

Shida yao ilikuwa ndogo. Walikuwa wanachuo wa mwaka wa pili kutoka Musoma, na walitaka kibali cha kupita nyumba kwa nyumba. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi yenye jina refu, mwili wa binadamu katika utamaduni wa kila siku. Wenzao walikimbilia nywele na kucha na namna watu wanavyosalimiana. Wao wawili wakachagua vipimo. Walitaka kujua watu wanavyotumia miili yao kupimia dunia: shubiri, mkono, pima ya mikono iliyopanuliwa, hatua ya shambani, konzi ya unga. Wangewauliza watu, kisha wangewapima, waone shubiri ya mama inaingia mara ngapi kwenye mkono wake, na pima ya mzee inazidiana vipi na kimo chake. Twalha ndiye aliyeleta wazo hilo. Amekulia chini ya meza ya cherehani, na kwake hakuna mtu asiyepimika.

"Muhuri anao mwenyekiti, na mwenyekiti yuko msibani Bugwema," Mtendaji alisema akirudi kitini. "Nendeni tu. Mimi ndiye serikali hapa. Mtu akiuliza, mwambieni Mtendaji ametuona."

"Si bora utuandikie hata mstari mmoja, mheshimiwa?" Hyasinta aliuliza. "Maana nasikia watu wana wasiwasi."

Wasiwasi ulikuwepo, na haukuwa wa bure. Wakati wa kupanda pamba, mwanamke mmoja wa kitongoji cha juu alikutwa shambani ameuawa, na mwili wake umepunguzwa viungo. Polisi walikuja, wakapiga picha, wakala chakula kwa mwenyekiti, wakaondoka. Hakuna aliyekamatwa. Tangu hapo vijana wa sungusungu walikuwa wakilala njiani na fimbo, na kila mgeni aliangaliwa mara mbili.

"We binti ni mtoto wa hapa," Mtendaji alisema. "Shangazi yako si Nyamburi? Nani atakuuliza?" Akanyoosha mkono akaichukua tepu pale mezani, akaiviringisha kwenye vidole na kuitia mfukoni. "Hii naishikilia kidogo. Jioni mtampima na mama kule nyumbani, ana kitenge chake. Nikiwaachia mtapitiliza Musoma, nawajuaga wanachuo."

Walipokuwa nje, chini ya bendera iliyochanika ncha, ndipo Twalha aliposema.

"Mzee akijua tepu yake imewekwa rehani kwa mtendaji, ataninyima chakula mwaka mzima."

"Tuahirishe," Hyasinta alisema. "Turudi kesho na tepu nyingine."

"Kesho nani atatupa nauli? Tulia mwanangu. Babu yangu alipima nusu ya Musoma bila tepu."

Alimpeleka mpaka kwenye ghala la pamba, ambako magunia yaliyochanika yalikuwa yametupwa nyuma ya mizani. Mlinzi hakuwa na neno. Twalha akachomoa nyuzi ndefu za katani kutoka kwenye gunia, moja baada ya nyingine, akamwonyesha Hyasinta babu yake alivyokuwa akifanya. Kila mteja alikuwa na uzi wake. Unaanzia ncha moja, unapima shubiri, unafunga kifundo. Unapima mkono, kifundo cha pili. Pima, cha tatu. Mwisho kimo, kutoka kisigino mpaka utosini, cha nne. Uzi unaviringishwa, unafungiwa kikaratasi chenye jina la mtu, unatiwa kwenye mfuko. Jioni wangeulaza kila uzi kwenye tepu na kusoma namba.

Lilikuwa wazo zuri, na Hyasinta alilipenda. Yeye ni mtoto wa Nyasura, pale Bunda mjini, na Kyamusana alikuwa anakuja tu kwenye misiba na kwenye likizo, kwa dada ya baba yake. Kizanaki, lugha ya hapo, alikisikia kwa shida. Lakini siku ile alijisikia mwenyeji, anamtembeza mgeni kwao.

Nyumba ya kwanza, mzee Wenceslaus aliwapokea vizuri. Aliwaonyesha kwamba mpini wa jembe unapimwa kutoka kwapani mpaka ncha ya kidole cha kati, na anayenunua mpini bila kuutia kwapani anajitafutia maumivu ya mgongo. Alikubali kupimwa. Twalha alipopiga goti kushika ncha ya uzi kisiginoni, mzee aliitazama kamba, kisha akamtazama Hyasinta. Heshima kwa wageni ilimziba mdomo. Alisimama wima mpaka walipomaliza, kisha akaenda kunawa miguu.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Judith, mwanamke kijana ambaye wote wanamwita mama Prudence, kwa jina la binti yake mdogo. Prudence alikuwa amelala kwenye mkeka na macho mekundu. "Amechangamka kidogo leo, jana alikuwa na homa," mama yake alisema, naye alichangamka kwa kupata watu wa kuongea nao. Twalha alimuuliza mtoto mwingine yuko wapi, yule mwenye kimo hiki aliyewaonyesha njia, na akaulaza mkono wake hewani, kiganja kikiangalia chini.

Judith alicheka mpaka akashika ubavu. "Hapo umeniambia nina ndama. Mkono wa kulala ni wa ng'ombe. Mtoto wa mtu tunasimamishaga hivi." Akasimamisha kiganja, vidole juu. "Ukilaza, unamkandamiza asikue."

"Andika hiyo, Hyasinta," Twalha alisema, macho yakiwaka. "Hiyo peke yake inatupa maksi." Akajaribu tena, kiganja juu, na Judith akampigia makofi kama mwalimu wa chekechea. Judith akapimwa, na Prudence naye, kwa kuwa alikuwa anacheka. Twalha alimnyoosha juu ya mkeka, akapitisha uzi kutoka kisigino mpaka utosini, akafunga kifundo cha nne. Judith aliacha kucheka pale, lakini uzi ulikuwa umeshaviringishwa na jina limeshaandikwa.

Nyumba ya tatu, bibi mmoja aliwaona wakiingia, akaiona kamba mkononi mwa Twalha. Hakujibu salamu. Alibeba kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hapo ndipo Hyasinta alipokumbuka. Alikuwa darasa la nne, bibi yake mzaa baba amelazwa sebuleni amefunikwa shuka, na Magesa, mtoto wa shangazi, akaingia na kamba ya katani. Aliinyoosha kutoka kisigino cha marehemu mpaka utosini, akaikata kwa panga, akakimbia nayo kwa wachimba kaburi. Baadaye kamba ile ilitupwa humo kaburini. Hyasinta aliliona jambo hilo kwa macho yake, na sasa lilimrudia lote, mpaka harufu ya ubani.

Alijiambia kwamba yule alikuwa maiti, na hawa ni watu wazima na afya zao. Alijiambia pia kwamba wakirudi Musoma na watu watatu tu, mwalimu atawacheka mbele ya darasa. Hakumwambia Twalha kitu. Wakaenda nyumba ya nne na ya tano, na zaidi.

Mchana walikaa uani kwa shangazi Nyamburi, nyuzi zimepangwa kwenye mkeka. Shangazi alirudi kutoka shambani na mzigo wa pamba kichwani, akaushusha, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. Ndipo alipoona.

"Hizi nini?"

"Vipimo, shangazi," Twalha alijibu kwa adabu, maana naye alikuwa ameshaanza kumwita hivyo. "Kila mtu na uzi wake. Hiki kifundo ni shubiri, hiki..."

"Mmepima watu wazima kwa kamba?" Alimgeukia Hyasinta. "Na mkafunga mafundo? Na majina mkaandika?" Sauti yake haikupanda, ilishuka. "We mtoto wa kaka yangu, wewe. Hapa kamba tunampimiaga marehemu. Ukimpima aliye hai umemchimbia. Ukifunga na fundo, umemfungia humo. Na mwaka huu, jinsi watu walivyo."

Twalha alimtazama Hyasinta, na Hyasinta akatazama chini. Alijua kwamba rafiki yake ameelewa.

"Ulikuwa unajua?" Twalha aliuliza.

"Nilikumbuka katikati."

Hakumgombeza. Alianza kuzikusanya nyuzi kwa haraka, akizitia kwenye mfuko. "Basi tukawape wenyewe, tuwaombe radhi. Nitamfungulia kila mtu mbele ya macho yake."

"Nendeni sasa hivi," shangazi alisema, macho kwenye uzi mfupi wa Prudence. "Anzeni kwa yule mwenye mtoto."

Hawakufika. Walikutana na Judith njiani, karibu na ghala la pamba. Alikuwa anatoka zahanati anakimbia, Prudence mikononi. Mtoto alikuwa ameanza kutetemeka muda mfupi baada ya wao kuondoka. Nesi wa zahanati, aliyekuwa peke yake na foleni ya akina mama, alimwambia vipimo vya malaria vimeisha tangu wiki iliyopita na sindano hakuna, awahi kituo cha afya barabarani. Mumewe alikuwa ametangulia kutafuta pikipiki. Na pale pale, mbele ya Hyasinta na Twalha, mtoto akakaza mgongo, macho yakapinduka, povu likamtoka.

Judith aliinua uso akamwona Twalha na mfuko wake.

Yowe alilolitoa halikuwa na maneno. Lilijibiwa kutoka mtoni, likajibiwa kutoka kitongoji cha juu, kisha filimbi za sungusungu zikaanza. Watu waliokuwa kwenye mizani waliacha pamba yao. Hyasinta hakujua kijiji kile kina watu wengi kiasi kile. Walitoka mashambani na majembe, walitoka majumbani na fimbo, wanawake na wanaume, na katika dakika chache hapakuwa na pa kupita.

Wa kwanza kuwafikia alikuwa Magesa, yule mtoto wa shangazi. Alimshika Hyasinta mkono akamvuta mpaka ukutani mwa ghala, akamsimamisha pale. "Kaa hapo. We ni damu yetu. Usijichanganye na huyu."

"Magesa, ni mwanachuo mwenzangu. Mimi ndiye niliyemleta."

"Nimekwambia kaa."

Mfuko ulimwagwa chini. Nyuzi zikatawanyika vumbini na vikaratasi vyake, na watu waliojua kusoma wakaanza kusoma kwa sauti. Wenceslaus. Judith. Prudence. Kila jina lilipotajwa, duara lilisogea ndani.

"Unaitwa nani?" Magesa aliuliza.

"Twalha Yunusu."

"Twalha ndo jina gani? Umetumwa na nani huku?"

"Hakuna aliyenituma, kaka. Tunasoma. Ni vipimo vya kawaida, baba yangu ni fundi nguo."

"Na yule mama wa shamba la pamba, mlimpimaga hivi hivi?"

Fimbo ya kwanza ilitoka nyuma, ikamwangukia Twalha begani. Aligeuka kutazama ni nani, na hilo lilikuwa kosa, maana walidhani anataka kukimbia. Alipigwa mapaja, akapigwa mgongo. Alipiga magoti. Kofia yake ilikanyagwa. Hyasinta alipiga kelele kwamba Mtendaji anajua, Mtendaji amewaruhusu, aitwe Mtendaji.

"Afungue kwanza," mwanamke mmoja alisema. "Mkimuua na mafundo yamefungwa, mtoto anaenda naye."

Basi wakampa uzi wa Prudence. Twalha aliupokea kwa mikono miwili. Vilikuwa vifundo vinne vya katani, vidogo, alivyovikaza mwenyewe asubuhi kwa ufundi wa kurithi ili visiteleze. Alifungua cha kwanza. Akafungua cha pili kwa kucha. Iliyosikika ni pumzi ya mtoto tu, inakoroma. Kifundo cha tatu kilikataa.

Mtoto akakakamaa tena.

"Anakaza!" mtu alisema. "Anajifanya anafungua, kumbe anakaza."

Rungu la Magesa lilitua kwenye vidole vya mkono wa kulia. Hyasinta aliusikia mlio, na akauona mkono ukibaki umelala vumbini, umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Lingine likashuka kwenye wa kushoto. Twalha alilia kama mtu anayeita jina la mtu, lakini hakuwa anaita jina. Kisha wote wakamzonga, na Hyasinta hakuweza kumwona tena, aliona migongo na fimbo zinazopanda na kushuka.

Mtendaji alikuja wakati huo. Alikuja kwa mwendo wa taratibu, mwendo wa mtu anayetaka akute mambo yamekwisha. Hyasinta alijichomoa ukutani, akamkimbilia, akamshika mkono wa shati.

"Mheshimiwa, waambie. Waambie umetuona asubuhi. Waambie ulichukua tepu, ndiyo maana tukatumia kamba."

Fimbo zilitulia kidogo. Magesa aligeuka. "Mtendaji, unawajua hawa?"

Ncha ya tepu, yenye kibati chake, ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa suruali ya Mtendaji. Hyasinta aliiona. Mtendaji alizitazama nyuso za watu wake, watu ambao wasingemsikiliza tena wala kumchangia, wakiwa na majembe na fimbo mikononi, na mkono wake ukashuka ukaisukuma ile ncha ndani.

"Mimi leo sijaona mgeni ofisini," alisema. "Huyu binti namjua, ni wa Nyamburi. Huyo mwingine simjui." Akaongeza, akiwa ameshaanza kuondoka, "Msivunje sheria, lakini."

Wakarudi kwenye kazi yao.

Hyasinta alitambaa. Aliupata uzi wa Prudence kati ya miguu ya watu, akautia mdomoni, akakiuma kifundo cha tatu mpaka fizi zikatoka damu. Kikafunguka. Cha nne akakifungua kwa meno na kucha. Alisimama akaunyoosha uzi juu ya kichwa chake, ulionyooka, usio na kitu, akaita kwamba umefunguka, tazameni, umefunguka. Judith aliuona. Mumewe alikuwa amefika na pikipiki, naye akampandisha Judith na mtoto, wakaondoka kuelekea barabarani. Waliokuwa wanampiga Twalha hawakugeuka. Walikuwa wameshasahau walianzia wapi.

Gari la polisi lilifika kwa sababu nesi wa zahanati alipiga simu. Kabla halijakata kona, njia ikawa nyeupe. Palibaki pamba kwenye mizani, nyuzi vumbini, Hyasinta amekaa, na kichwa cha Twalha mapajani mwake. Alikuwa anapumua. Uso wake haukuwa tena uso alioujua. Mara moja alisema "tepu", na Hyasinta akamwambia ndiyo, nitaifuata.

Walimlaza nyuma ya gari kwenye bati. Hyasinta alidhani wanaenda kituo cha afya. Gari lilipita kituo cha afya, likasimama polisi.

"Bila PF3 hawamgusi," askari wa zamu alieleza. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani. "Kipigo lazima kiwe na fomu. Ni utaratibu tu, dada."

"Basi nipe fomu, afande."

Askari alivuta droo, akavuta nyingine. "Zimeisha. Vuka barabara hapo kwa mwenye steshenari, atoe kopi. Mpe hii ya mfano."

Hyasinta alivuka barabara mbio. Mwenye duka la steshenari alikuwa amekaa nje kwenye kiti, anajipepea na kadibodi. Umeme ulikuwa umekatika. Alisema unarudigi saa hizi hizi, asubiri kidogo. Hyasinta hakusubiri, aliomba karatasi tupu, akachukua kalamu, akaanza kuinakili fomu kwa mkono pale kwenye kaunta, mistari na vyumba vyake, jina la mgonjwa, aina ya jeraha. Kituo cha afya kilionekana kutoka pale aliposimama. Pikipiki ya baba yake Prudence ilikuwa imeegeshwa mlangoni. Mtoto mgonjwa hakuwa na haja ya fomu.

Aliporudi na karatasi yake, dereva wa polisi alikuwa amesimama nyuma ya gari, kofia ameivua.

"Pole," dereva alisema.

Hyasinta alipanda kwenye bati. Alimshika Twalha shingoni, akamshika kifuani, akaweka sikio. Alimfunika mikono kwa kanga yake, ile mikono, maana hakutaka mtu mwingine aione. Hakulia. Hasira ilikuwa imekaa mahali pa machozi na haikutaka kuhama.

Shangazi Nyamburi alikuja jua likiwa linaelekea kuzama, nyuma ya pikipiki. Alikaa kwenye benchi la polisi karibu na Hyasinta, akamshika goti.

"Mtoto wa Judith amelala vizuri," alinong'ona. "Wamemtundikia dripu, homa imeshuka. Watu wanasema ni vile vifundo vilifunguliwa."

Hyasinta aliikunja ile fomu aliyoinakili.

"Sikiliza, mwanangu. Wewe ni wa kwetu. Baba yako amezaliwa pale, kitovu chake kiko pale. Aliyekufa amekufa, na inauma, mimi mwenyewe alinikalia uani akaniita shangazi. Lakini usitaje mtu. Ukitaja, hutakanyaga tena Kyamusana, na mimi nitaishije?"

Askari wa miwani akaita jina la Hyasinta. Alikuwa amefungua kitabu cha taarifa, na kalamu ilikuwa inakwenda kabla ya maswali. Kwenye kaunta kulikuwa na watu wengine wanaosubiri: mwanamke aliyeibiwa kuku, wavuvi wawili wa Kiriba waliogombana, kijana aliyepoteza leseni.

"Marehemu, mwanachuo, mkazi wa Musoma," askari alisoma alichokuwa anaandika. "Alishambuliwa na wananchi wenye hasira kali, waliomtuhumu kwa imani za kishirikina. Hapo unaweka sahihi."

"Hapana, afande."

"Hapana nini?"

"Waliompiga nawajua."

Askari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Aliongea kwa sauti ya mzazi. "Dada, nikueleweshe. Ukisema wananchi, hii ni taarifa. Inaenda mkoani, inasomwa, inaisha. Ukisema jina, hii ni kesi ya mauaji. Nitahitaji gari, sina mafuta. Nitahitaji mashahidi, hakuna atakayekuja. Na wewe utalala wapi?"

"Baba yake atakuja kesho asubuhi kumchukua," Hyasinta alisema. "Fundi Yunusu. Ataniuliza nani amemuua mtoto wake. Nimwambie hasira?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Aliita jina la Hyasinta mara moja, kwa upole.

"Wa kwanza anaitwa Magesa," Hyasinta alisema. "Ni mtoto wa shangazi yangu huyu. Ndiye aliyemvunja vidole. Yuko hapo nje, ndiye aliyemleta mama yake na pikipiki, anaosha mikono kwenye bomba lenu."

Kwenye kaunta watu wote waligeuka kutazama dirishani. Askari aliinuka. Hakwenda nje. Alienda kwenye dirisha, akalifunga, akarudi akakaa, akaifunika kalamu yake na kuilaza juu ya kitabu.

"Wa pili ni Mtendaji wa kijiji," Hyasinta alisema, na akapandisha sauti, kwa kuwa askari alikuwa haandiki na ilibidi wale wa kwenye foleni wasikie. "Wa tatu..."